Sufuria za Bi Kioo

Majirani ndio waliompachika jina la Bi Kioo, naye hakulikataa. Lilitokana na sufuria. Kila asubuhi, jua likishapanda ukuta wa uani, sufuria alizozipanga kwenye kichanja zilimulika mpaka dirisha la nyumba ya pili, na mwenye nyumba hiyo, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ndogo, alipaza: "Bi Kioo! Unatupofua bwana!" Bi Kioo alicheka na pengo lake likaonekana. Ukifika umri ule, jina la utani ni afadhali kuliko kuitwa "yule bibi".

Sufuria zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za mkamwana wake, mke wa mwanawe wa mwisho, dereva wa lori ambaye alilala nyumbani kwake kwa nadra kama mgeni. Bi Kioo alifika hapo baada ya kupitia kwa watoto wake wote. Kwa wa kwanza nyumba ilikuwa ndogo. Kwa binti yake, mume alikuwa mkali, mtu wa kurusha sahani ukutani kwa sababu ya chumvi. Kwa wa tatu kulizuka maneno ambayo mpaka leo haelewi yalianzia wapi. Huyu wa mwisho ndiye aliyebaki. Baada yake hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi, na bibi alilala na kuamka na jambo hilo.

Mkamwana alimpokea kwa adabu zote. Chumba safi, shuka safi, chai kwa wakati, na "Umeamkaje, mama?" kila asubuhi. Lakini adabu peke yake haina joto, na Bi Kioo hakuwa mtoto wa kudanganywa na chai. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikapita, jembe halikuja. Alijaribu kupika, akasahau kuzima gesi, akaombwa kwa upole asirudie. Alijaribu kufagia, kiuno kikamgomea. Basi jembe akajitafutia mwenyewe. Alivuta beseni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuosha vyombo, na hakuna aliyemkataza. Tangu siku hiyo alikula chakula cha nyumba ile bila kuinamisha uso.

Na si vyombo vya kuchezea hivyo. Zilikuwa sufuria za stenlesi, nzito, kitako cha tabaka tatu, zile ambazo mama wa mauzo huzileta mlangoni na sanduku moja na maneno mia. Mkamwana alijinyima sana ili azipate, maana kazi yake ilikuwa kupikia mafundi wa gereji chakula cha mchana, na sufuria nyepesi zilikuwa zinamtobokea mikononi. Mama wa mauzo aliapa: "Waranti ya maisha, dada. Ikiharibika unarudisha, unapewa nyingine." Kadi ya dhamana ikawekwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mama mkwe alipewa sharti moja tu: sponji laini na sabuni, basi.

Bi Kioo alilitazama lile sponji akasikitika. Huku ndiko kuosha kwa siku hizi? Yeye alilelewa na mama aliyeamini kwamba sufuria haijaoshwa mpaka kitako chake kioshwe. "Mgeni hutazama ndani," mama huyo alikuwa akimwambia, "mkwe hutazama chini." Kwa hiyo mkamwana akishaondoka, kopo la mchanga na majivu lilitoka mvunguni mwa kichanja, na Bi Kioo akasugua kwa mikono miwili.

Huko kitakoni kulikuwa na kero moja. Kila sufuria ilikuja na duara la vijiandishi na namba, vimechorwa kwa wembamba. Bi Kioo hakujua kusoma, lakini alijua kwamba kikombe kipya huja na kikaratasi cha dukani na mwenye akili hukibandua. Hivi vya sufuria viligoma kubanduka. Alipambana navyo mwezi baada ya mwezi, na siku duara la mwisho lilipotoweka alijipongeza kwa chai ya sukari nyingi. Hakumwambia mtu. Kazi nzuri haina haja ya kupigiwa ngoma.

Kisha sufuria kubwa, ile ya maharage, ikaanza kuunguza. Kitako kilikuwa kimeachia upande mmoja, na ukiigonga inalia kama debe bovu. Mara ya kwanza mafundi walikula maharage yenye moshi wakacheka. Mara ya pili hawakucheka, na msimamizi wa gereji akamvuta mkamwana pembeni. "Mama, mimi nakupenda, lakini vijana wananung'unika. Ikitokea tena natafuta mpishi mwingine."

Mkamwana alirudi nyumbani bila wasiwasi wowote. "Si ina waranti?" alisema, akiitoa kadi kwenye nailoni yake. "Kesho twende wote, mama. Ni nzito, wewe shika huku, mimi nishike huku."

Wakaenda, kila mmoja na mkono wake wa sufuria. Bi Kioo hakuwahi kutembea sambamba na mke wa mwanawe hata siku moja, na sasa wanawake wawili walikuwa wakipiga hatua pamoja, wakipishana na mikokoteni, wakipumzika kivulini na kucheka. Mkamwana alikuwa na furaha iliyomlegeza ulimi. "Watu wanapeleka sufuria nyeusi kama injini halafu wanadai mpya! Sisi wakiiona hii watadhani tumeinunua jana. Mkono wako ndio utatutetea, mama." Bi Kioo aligeuza uso upande wa barabara kwa sababu machozi yalimlengalenga. Alifurahi kupita kiasi, na mtu mzima alipaswa kujua kwamba furaha ya namna ile haiji bure.

Ofisi ya wauza sufuria ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Wakala, kijana mnene mwenye miwani, aliwakaribisha viti, akagonga sufuria kwa kidole, akasikiliza. "Hii imeachia. Kosa la kiwandani kabisa. Mtapewa nyingine, msijali." Mkamwana akamfinya mama mkwe goti kwa furaha.

Wakala akaigeuza sufuria juu chini. Akapitisha kidole gumba. Akaisogeza dirishani, akamulika kwa simu, akapaka kalamu ya risasi akafuta.

"Muhuri uko wapi?"

"Muhuri gani?" mkamwana akauliza.

"Kuna duara hapa, lina namba. Namba ya kwenye kadi lazima ifanane na ya kwenye sufuria." Akainua uso. "Hapa hakuna kitu. Mnaisugulia nini?"

"Sponji," mkamwana alijibu upesi. "Laini. Kama mlivyosema."

Aliitazama mikono ya mama mkwe iliyokuwa imetulia juu ya mapaja, ile mikono ya vidole vilivyolika ncha.

"Mchanga, mwanangu," Bi Kioo alisema. Hakumwambia wakala, alimwambia mkamwana. "Na majivu kidogo. Nilidhani ni uchafu."

"Zote?"

"Zote."

Wakala hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi kwa macho yangu naona ni sufuria yetu, mama. Lakini nikiipeleka bila namba, kiwandani watasema nimeiokota. Sina la kufanya. Na hizo nyingine zikileta shida, ni vilevile."

Kurudi, mkamwana aliibeba sufuria peke yake, kichwani. Bi Kioo alifuata nyuma, mikono mitupu ikimning'inia. Njia nzima aliomba atukanwe. Angeambiwa "umeniharibia maisha, mama", angelia, angeomba msamaha, mambo yangekwisha. Mkamwana hakusema neno hadi mlangoni, na pale alisema, "Angalia ngazi, mama."

Wiki hiyo mkamwana alipikia maharage kwenye visufuria viwili vya kuazima. Chakula kilichelewa, kikawa nusu kibichi, na msimamizi akamshukuru kwa miaka yote akamwambia asisumbuke tena.

Asubuhi iliyofuata Bi Kioo alitoka uani akakuta beseni limefunikwa. Sufuria zilikuwa kichanjani tayari, zimeoshwa kwa sponji na kufunikwa kanga, na kopo la mchanga halikuwepo mvunguni. Pembeni palikuwa na kiti chenye mto.

"Sasa nashinda nyumbani, nina muda," mkamwana alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Wewe pumzika tu, mama. Umefanya kazi sana."

"Hata vijiko nisioshe?"

"Hata vijiko, mama."

Bi Kioo akakaa. Jua likapanda ukuta. Dirisha la jirani likafunguka: "Bi Kioo! Leo vipi, mbona giza?" Alikuwa anasikiliza sauti ya mkamwana kutoka chumbani, taratibu, akiongea na mumewe kwenye simu: hapana, hajakasirika, atakasirikaje na mzee, anauliza tu. "Yule dada yako," akasema, "mume wake bado ni mkali?"

Bi Kioo akavuta shuka iliyokuwa begani, akaishusha mapajani, akaifunika mikono yake.