Nguzo ya Tano

Mtumbwi ulikuwa umekwisha pita kona ya Salale Mwanaheri alipokumbuka kinu. Hakurudi. Mto ulikwisha kula nyumba yake mpaka jikoni, na maji makuu ya bamvua yalibakiza siku mbili kufika. Mbele walikaa binti zake wawili na kuku; nyuma kaka yake Mshamu, fundi wa kujenga, alipiga kafi.

Walipofika Nyamisati walimkuta Mtoro ananawa miguu barazani. Alikuwa na leseni ya Serikali ya kukata mikoko, na nyumba ya pili ya kuuza. Mwanaheri alikuwa na mtumbwi ule na vipuli vya dhahabu masikioni, basi.

Mshamu na dada yake wakaingia humo; Mshamu akagonga nguzo moja moja kwa mgongo wa shoka, akisikiliza. Ya kwanza imeliwa na mchwa. Ya pili vilevile. Ya tano ikakohoa.

Mwanaheri alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mumewe Miraji, aliyekwenda kumkatia Mtoro mikoko miaka mitatu nyuma. Mtoro ndiye aliyeleta habari kuwa katorokea Unguja na mwanamke.

“Miraji?”

“Mti uliniangukia, mama Biasha,” nguzo ikasema. “Leseni ya Mtoro ilikuwa imekwisha, akaogopa kuulizwa. Akaniacha matopeni, mkoko ukaninywa.”

Mshamu akatoka hadi barazani, Mwanaheri nyuma yake. “Bwana Mtoro, nguzo mbili mbovu, makuti yanavuja, na moja inakohoa. Chukua mtumbwi, vipuli mwachie dada yangu.”

Mtoro akakausha kidole gumba cha mguu. “Mbili mbovu, kweli. Lakini hiyo ya tano ina mume wake ndani. Nitajie nyumba nyingine hapa inayouzwa pamoja na mume. Vipuli pia.”

“Ulisema yuko Unguja,” Mwanaheri alisema.

“Nilisema harudi. Alirudi?”

Huko chini maji yalikuwa yanapanda. Mwanaheri akavua vipuli.

Alikaa eda yake humo, miezi minne na siku kumi, mgongo kwenye nguzo. Mshamu alibadili zile mbili mbovu, akarudi Salale kwa mtumbwi wa watu. Biasha na mdogo wake walizoea kuiamkia nguzo kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Kuku aliliwa na kicheche. Karani wa misitu alikuja, akakisikia kikohozi, akaandika: mkoko, mzima. Mtoro alipata leseni mpya, na mtumbwi wa Mwanaheri ndio uliopeleka wakataji.