Dokta na Msingi Wake

Siku Dokta alipopigiwa simu kwamba ameshinda tuzo, mlango wa jokofu la maabara yake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani zililala seli za konokono alizokuwa akizilea tangu kabla hajaolewa mpaka baada ya kuachika. Alitaka kujua jambo moja tu: jeraha likishaziba, seli inajuaje kwamba inatosha?

Tuzo ilitoka kiwanda cha saruji. Iliitwa Tuzo ya Utafiti wa Msingi katika Sayansi za Uhai, na waliotunga jina hilo walikuwa na msingi wao kichwani.

"Huu wako unabeba ghorofa ngapi?" meneja masoko wa kiwanda alimuuliza ukumbini, siku ya kukabidhiwa.

"Ni wa seli, bosi."

"Sawa kabisa. Lakini ghorofa ngapi?"

Dokta alisema anachohitaji ni kompresa, ile mashine ya kupoza, kwa jokofu lake linalokaribia kufa. Watu wakapiga makofi, akavishwa nishani.

Tangu hapo, kila aliposimama kidogo, zege liliota chini ya viatu vyake. La kwanza liliota palepale jukwaani. Mpiga picha akamwomba asogee kushoto. Kazini, mfagizi alilalamika kwamba anajikwaa. Nyumbani, mama yake alimpangia zamu.

"Mlangoni usisimame, mwanangu, maji yatakosa njia. Kasimame kule choo kinakotitia."

Mtaa ukasikia, kwani mtaa una kazi gani nyingine? Wakaja wenye viwanja, wakaja wenye nyufa, akaja hata shangazi wa nyumba ya pili ambaye hakuwa na kiwanja wala ufa, ila hapitwi. "Dokta, pita basi kwetu usimame, hata kama unaongea na simu." Akasimama kwao wote, asije akaitwa mwenye maringo, na kote alikosimama alikuwa kwenye simu na kiwanda, akiomba kompresa.

"Dada yangu, sisi ni watu wa msingi," meneja alimjibu kwa upole. "Jokofu ni kifaa."

Fundi wa majokofu alikuja maabara, akalitegea jokofu sikio. "Huyu ameshakata kauli," alisema, akafunga mkoba wake.

Dokta alizihamishia seli kwenye ndoo ya barafu aliyoazima kwa muuza samaki, akasimama palepale maabara kutwa nzima akiipepea. Barafu ikayeyuka. Seli zikaacha kugawanyika, zote kwa pamoja, na hakupata kujua zilijuaje kwamba inatosha.

Kesho yake meneja alifika na mpiga picha. Aligonga zege la maabara kwa kisigino. "Hili halipasuki mpaka wajukuu! Dokta, sogea kushoto kidogo, hilo jokofu linaharibu picha."

Dokta alikuwa ameshikwa na zege hadi kwenye vifundo.

"Siwezi kusogea," alisema.

"Usijali," alisema meneja. Wakaliondoa jokofu.