Safu Mbili za Rula

Kufikia saa tatu asubuhi Bi Kalamu alikuwa ameshajaza karatasi mbili. Magari madogo, mabasi, malori, pikipiki: kila kilichopita njia panda alikipigia mstari, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa lami. Ilikuwa siku ya tano na ya mwisho ya kibarua hicho cha ofisi ya barabara. Wachuuzi wa hapo njia panda ndio waliombandika jina la Bi Kalamu siku ya kwanza, kisha hawakumsemesha tena.

Fomu haikuwa na safu ya waenda kwa miguu wala ya baiskeli. Siku ya pili alishindwa kuvumilia, akachukua rula na kuchora safu mbili pembeni. Mumewe, mlinzi wa ghala, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Mwaka juzi lori lilimgonga na kumuua papa hapa, likikata kona bila kupunguza mwendo.

Siku hii ya mwisho mzee mwenye mkongojo alisimama akingoja kuvuka. Bi Kalamu alihesabu magari mia na kumi na mawili, hakuna lililompisha. Akaweka kalamu chini, akamshika mzee mkono, akainua fomu juu ili madereva waione, wakavuka. Mzee alishukuru, akamuuliza kama ana watoto. Akajibu kwamba hana, yuko peke yake. Mzee akaenda zake.

Jioni msimamizi alikuja kukusanya karatasi. Alizitazama zile safu, akaeleza kwa upole kwamba mashine ya ofisini haizisomi, kwa hiyo atazikata kwa mkasi.

"Kwa siku nne wamevuka watu elfu mbili na mia tatu," Bi Kalamu alisema. "Baiskeli mia nne na sita."

"Sikatai, mama. Lakini barabara inapanuliwa. Wanataka magari tu."

"Basi mimi sisaini."

Msimamizi alishusha pumzi, akatoa kalamu yake mfukoni, akasaini kwa niaba yake. Kisha akabeba na kiti, maana kilikuwa mali ya ofisi.

Bi Kalamu alibaki amesimama ukingoni. Kwake kulikuwa ng'ambo. Taa za magari zilianza kuwaka. Alingoja mpaka miguu ikamuuma. Alipoona upenyo alikimbia, kiatu kimoja kikamtoka katikati ya lami, na hakurudi kukiokota.