Maneno ya Burma kwa Sauti Nne

Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, nimeolewa Kilolo kwa Wahehe, na mengi ya huku nimeyazoea: baridi yao, ukimya wao, hata hasira zao wanazozimeza mpaka siku zinapowatoka zote kwa pamoja. Jambo moja tu lilinishinda. Ukoo wa mume wangu ulikuwa hauziki mtu bila kuimba wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua unasema nini.

Waliupata kwa Mzee Kalinga, babu yake mume wangu kwa upande wa mama, aliyepelekwa Burma akiwa kijana kupigana vita vya Waingereza na Wajapani. Mimi sikumkuta. Wanasema alirudi mzima lakini mkimya, akaoa, na alipomzika mtoto wake wa kwanza, udongo ulipoanza kurushwa, alivua kofia akaimba peke yake maneno mafupi mafupi, yanapanda na kushuka. Walipomuuliza alisema, "Ni maneno ya kule." Hakuongeza kitu. Kuanzia hapo aliimba kwenye kila kaburi la ndugu. Sasa hawa ni Walutheri, na Mlutheri wa Iringa ukimpa wimbo wa sauti moja ni kama umempa ugali bila mboga. Waliugawa: soprano, alto, tena, besi. Besi ikawa ya mjomba Kasian, mkubwa kati ya watoto wa mzee waliobaki hai.

Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mara ya kwanza kuusikia nilimlilia marehemu ambaye hata jina lake nilikuwa sijalishika.

Kisha alifariki bibi Paskalina, mjane wa Mzee Kalinga. Aliyemuuguza ni mama mkwe wangu Faustina, kitinda mimba wake. Karibu na mwisho bibi alimshika mkono akamwambia, "Wimbo wa baba yenu msiuache." Faustina alimjibu, "Hatutauacha, mama." Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na neno lake halirudi nyuma.

Siku moja kabla ya maziko alikuja Mchungaji Jofrey kupanga ibada. Ni mgeni katika usharika wetu, kijana, mpole, ila akishika jambo ameshika. Walipofika kwenye kurusha udongo, Faustina alimtajia wimbo. Mchungaji akauliza unasema nini. Watu wakatazamana.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kwenye kaburi ninaloongoza mimi haliimbwi neno nisilolijua. Tutakuwa tunamwomba nani? Pengine ni sala ya miungu ya huko."

"Hakuna miungu hapo, ni Kigiriki," alidakia mjomba Kasian. "Baba alipotoka vitani alikuwa nyapara kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki. Mimi nimekulia pale, Mchungaji. Kalimera, habari za asubuhi. Efkaristo, ahsante. Na Mgiriki akizika mtu wake, padri wao alikuwa anaimba hivi hivi, kwa kuvuta."

Faustina alimwangalia kaka yake. "Baba alisema ni maneno ya kule."

"Kule wapi? Hata shambani ni kule."

Nikaona Mchungaji amepata ahueni. Kama ni Kigiriki, alisema, bila shaka ni Bwana uturehemu, na hilo analiimba hata yeye. Alikisoma Kigiriki chuo cha theolojia, Agano Jipya zima. "Ila nilikisoma kwa macho," aliungama. "Sijawahi kumsikia Mgiriki akizungumza." Nilimpenda kwa neno hilo. Wasomi wengi wangetikisa kichwa tu.

Akatoa simu. Kwanza alitafuta ibada ya Wagiriki, akaiweka kwa sauti. Sisi tuliokuwa tunamenya viazi tulisogea na visu vyetu mikononi. Padri alivuta maneno marefu, na karibu kila neno lilikwenda kuishia kwenye s, os, as, is, kama mtu anayefunga milango ya nyumba nzima mmoja baada ya mwingine. Kisha akatafuta taarifa ya habari ya Burma. Yule mtangazaji alikuwa na maneno mafupi, kila moja limeachwa wazi mwishoni, moja juu, moja chini, moja limekatwa ghafla. Hakuwa anaimba, anasoma habari za watu, lakini ungeweza kumpigia makofi.

Hata kuku wa uani wangejua wimbo wetu ni ndugu wa nani kati ya wale wawili. Mjomba Kasian aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Basi siwezi," alisema Mchungaji taratibu. "Sio kwa ubaya, mama. Nikijua maana yake, hapo tutaongea."

Faustina aliingia ndani alipolazwa mama yake. Nilimfuata. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama tu, mkono kwenye ukuta, na mimi roho iliniuma kuliko kama angelia.

Mkwe msibani hana sauti, kazi yake ni jiko. Lakini nilikuwa na kaka yangu Rabson, fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku, wilaya ya Mbarali, na Rabson alikuwa amenisimulia habari za mama mmoja mtaalamu wa mbegu za mpunga, ambaye Ubaruku nzima inamwita Mchina, naye amechoka kuwaeleza kwamba kwao ni Burma. Nilimpigia Rabson. Alimkuta shambani, akampa simu. Anaitwa Mama Khin. Kiswahili chake ni cha Mbarali kabisa, wala hakuniacha njiani.

"Imbeni nisikie," alisema.

Tulikaa chumbani, Faustina, mjomba Kasian, Mchungaji na mimi, simu juu ya stuli. Wale ndugu wawili wakaimba, yeye soprano, kaka yake besi, na mimi nikaingiza alto kwa mazoea.

"Hapana, subiri," alisema Mama Khin. "Mko wengi. Mkiwa wengi sisikii neno. Aimbe mmoja, ile sauti ya mzee mwenyewe."

Faustina akaimba peke yake.

"Rudia," alisema Mama Khin. Faustina akarudia.

"Huyo mzee alikuwa askari?"

"Alikuwa askari," alijibu Faustina.

"Mama, huu sio wimbo. Lugha yetu ina kupanda na kushuka, ukipandisha vibaya umesema neno lingine. Mzee wenu alishika kupanda na kushuka kote, ndiyo maana kwenu umekuwa wimbo. Mengine yameliwa. Lakini haya ni maneno ya mtu anayeongea. Anayeomba." Akavuta pumzi. "Mnataka niseme?"

"Sema, mwanangu," alisema Faustina.

"Anamwambia askari: Bwana, usichome. Mama yumo ndani. Hawezi kutembea. Nisubiri nimtoe."

Mama Khin alitupa pole kwa msiba, akaongeza neno la kwao ambalo hakulitafsiri, akakata simu. Mama mkwe wangu, aliyembeba mama yake mgongoni miaka yote ile ya ugonjwa, kumtoa nje aote jua na kumrudisha, alikaa chini sakafuni kama mtu aliyeambiwa kuna msiba wa pili.

"Alimsubiri?" aliuliza. "Baba alimsubiri?"

Mtu aliyesubiri haimbi maneno hayo makaburini maisha yake yote. Tulilijua hilo sote mle chumbani.

Mjomba Kasian alijifuta uso kwa kofia yake. "Mtu analia kwamba mama yake anaungua," alisema, "na mimi namtilia besi. Toka nikiwa kijana. Tena nilikuwa najisikia." Halafu akageuka, akamshika Mchungaji mkono. "Mchungaji, nakuomba. Wale walioko nje waambie ni Kigiriki. Bwana uturehemu. Baba yangu amelala kwa heshima, mwacheni."

Kuna uongo ambao ningeutetea, na huo ulikuwa mmojawapo. Mchungaji Jofrey alimwachia mkono taratibu. "Mimi niliuliza maana, nimepewa," alisema. "Sina tena cha kukataza. Kuimba au kutokuimba sasa ni juu yako, Mama Faustina."

Yaani alimwachia mzigo wote. Ruhusa aliyokuwa anaililia asubuhi ndiyo hiyo sasa, na alikuwa haitaki. Akiimba, anarembesha kilio cha mtu. Asipoimba, amemvunjia mama yake neno kabla hata udongo haujamfunika. Usiku huo hakula, na asubuhi alikunywa maji tu. Nilimuuliza kama bibi alikuwa anajua maana au hakujua. Alinijibu, "Mama Joyness, na mimi nimejiuliza hivyo hivyo," basi.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na la Mzee Kalinga. Jeneza likashushwa. Wanaume wakashika machepeo. Hapo ndipo wimbo huanzia, na udongo huanza kurushwa ukiwa unaimbwa. Waimbaji wakavuta pumzi. Wengi wao walikuwa hawajui lolote.

Faustina akanyoosha mkono kuwazuia. Akavua kilemba, akaimba peke yake, sauti moja, polepole, hakupamba popote. Mjomba Kasian alifumba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Wimbo ulipoisha, Faustina hakurudi mahali pake.

"Ndugu zangu," alisema, "haya ni maneno ya mtu wa Burma, alimwambia baba yetu wakati wa vita. Jina lake hatulijui. Alisema hivi: Bwana, usichome. Mama yumo ndani. Hawezi kutembea. Nisubiri nimtoe."

Upepo wa Kilolo ulikuwa unapeperusha vitenge vya watu. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kujaza chepeo lake alilishusha chini taratibu, udongo ukamwagika miguuni pake. Mwingine akafanya vivyo hivyo, kisha wote. Mchungaji alifunga kitabu. Mjomba Kasian akavua kofia, akasogea akasimama kati ya kaburi la mama yake na la baba yake, macho chini.

Hakuna aliyerusha udongo. Hakuna aliyetuagiza tusirushe. Watoto walichoka wakakaa kwenye majani, na sisi wakubwa tuliendelea kusimama, tukimsubiri yule mtu wa Burma amtoe mama yake.