Watano Wahesabiwe Watatu

Lyse alikuwa na siku nne tu za kuijua Marekani. Jumamosi asubuhi, mwaka huo wa 2012, angesimama mbele ya darasa la watu wazima pale Albert Park, mjini Durban, afundishe somo la majaribio: jinsi waasisi wa Marekani walivyogombania kodi na watumwa. Akifaulu, anaaga ufagio. Akishindwa, anarudi kudeki ngazi za ghorofa kule South Beach, kama miaka sita yote aliyokwisha kudeki. Bujumbura alikuwa mwalimu, lakini historia aliyoisoma ilikuwa ya wafalme wa Ubelgiji.

Aliyemwokoa ni jirani yake, Mzee Sulaiman wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Durban, mwendesha winchi mstaafu wa bandarini, aliyejisomesha kwa vitabu vilivyotupwa na maktaba. Kasoro yake moja: hakuwahi kuutuma ukweli nje bila kuupa uongo wa kuusindikiza.

"Sikiliza, binti," alisema akimmiminia chai. "Mwaka 1787, Philadelphia. Waasisi wanaandika katiba, joto, na madirisha yamefungwa! Wa kusini wanasema: watumwa wetu wahesabiwe, tupate viti vingi bungeni. Wa kaskazini wanasema: aa, mnawanunua kama mali, basi wabaki mali. Wakabishana hata wigi la mmoja likaangukia kwenye supu, mwenzake akalila akidhani kabichi."

"Babu! Hiyo ni kweli?"

"Aliyepika supu ni babu yangu."

Siku tatu alimfundisha hivyo, hadi ugomvi wa baadaye wa ushuru: kaskazini wakiutaka ulinde viwanda vyao, kusini, wauza pamba, wakikataa kununua nguo na majembe kwa bei ya kuruka.

Jumamosi ikafika. Wanafunzi ishirini, Wakongo na Warundi, na nyuma kabisa Madamu Ernestina, mwenye shule, kalamu nyekundu mkononi. Ulimi ukamtangulia Lyse, na wigi likatoka na supu yake. Darasa likacheka.

Madamu hakucheka. "Hiyo ya wigi iko kwenye kitabu gani?"

Angeweza kubuni kitabu. Lakini Lyse akasema: "Haiko popote, Madamu. Nilidanganywa na jirani, nami nimewadanganya. Mnisamehe."

Kalamu nyekundu ikaandika kitu.

"Eish," akasema Gustave kinyozi, "sasa tuamini nini?"

Lyse akamtazama. Kila mwaka walikuwa wakikutana kwenye sherehe za jumuiya yao. "Gustave, mchango wetu wa sherehe ni kwa kichwa, sivyo? Nyumbani kwako huandikisha vichwa vingapi?"

"Vitatu."

"Na siku ya pilau?"

"Vinane!" darasa likapaza sauti. "Na mashemeji!"

"Basi mabwana wale wa kusini walikuwa akina Gustave. Ikitozwa kodi kwa kichwa, mtumwa si mtu. Kwenye viti vya bunge, ni mtu. Mwisho wakapatana na wa kaskazini: kila watumwa watano wahesabiwe watatu, huku na huku."

Gustave mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Kisha Coletha, muuza mboga, akauliza taratibu: "Na hao watano, dada, walipata sahani?"

"Hata moja. Kura hawakupiga. Walihesabiwa ili bwana wao ashibe."

Kicheko kikaisha. Madamu Ernestina akafunika kalamu. "Jumatatu, saa tatu. Mawigi uyaache nyumbani."

Lyse alipanda ngazi za South Beach mbiombio. "Babu, nusura uniponze! Lakini bila wewe ningesema nini? Asante. Asante sana."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mama wa babu yangu walimteremsha bandarini hapa, Waingereza walipokamata chombo kilichombeba kwenda utumwani. Miaka arobaini nasoma mambo haya, nayasimulia ukuta. Wewe umenisikiliza siku tatu nzima. Anayedaiwa asante ni mimi."

Lyse akamshika mkono. Kisha akamwalika darasani.

Jumatatu alikuja, kanzu imepigwa pasi, akaketi karibu na Gustave. Lyse akamwomba asimulie habari za bibi yule, mwenyewe akakaa kumsikiliza, mikono imetulia mapajani. Mzee akasimama, akakohoa, akaanza na jina la bibi huyo: Zaituni.