Ulafi wa Akina Diop

Mimi ni Soukeyna, wa ukoo wa Ndiaye, na nasema bila haya: akina Diop ni walafi, tena ni watumwa wetu. Wao husema hivyo hivyo juu yetu. Sisi ni watani tangu enzi za mababu. Diop hawezi kunikasirikia hata nikimtukana msibani. Kwa hiyo Ndumbe Diop, mgombea umeya wa Keur Sanou, aliponiletea kitambaa nimshonee kanzu ya kampeni, nilimwambia, "Kwa tumbo hilo, dada, hakitoshi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Yule mwanamke jamani! Ndiye aliyevuta bomba la maji hadi mtaa wa chini wakati wanaume wakiandikiana barua.

Basi mpinzani wake, Ngagne Seck, kwenye maji hakuwa na la kusema. Akaja na swali moja tu: kwa nini Ndumbe aliachana na mumewe Birahim, tena bila mtoto? "Aliyeshindwa nyumba ya watu wawili ataweza mji?" Swali likashika. Hata wazee wa upande wetu wakaanza kukohoakohoa. Kamati ya kampeni ikamwambia Ndumbe waziwazi: kesho mkutanoni ajibu, ama ajitoe.

Sababu naijua. Nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Aibu ilikuwa ya Birahim, si ya Ndumbe, na angeitaja tu, Seck angekwisha. Hata wewe sikwambii.

"Sema, dada," nilimsihi.

"Anayegombea ni mimi," akanijibu. "Birahim hagombei kitu."

Kesho yake uwanja ulifurika. Birahim naye alikuwepo, kasimama nyuma kabisa, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Seck akauliza tena kwa kipaza sauti. Ndumbe akasema, "Hilo sijibu. Niulizeni ya maji." Wakamzomea. Mara mtu akaninyooshea kidole: "Soukeyna yule pale! Alikuwa jirani yao. Mtani hafichi!"

Nilipanda jukwaani, nikamwona Birahim kule nyuma ameshika mdomo.

"Mnataka ukweli? Haya! Walikuwa wakila sinia moja. Adabu si kila mtu ale upande wake? Huyu Diop akimaliza wake, mkono unavuka! Samaki wa mume, wali wa mume, mpaka ukoko! Mwanamume wa watu angebaki afe njaa?"

Uwanja ulilipuka. "Walafi!" wakapiga kelele akina Ndiaye. "Watumwa!" wakajibu akina Diop. Seck akafoka kwamba huo ni mzaha, si jibu, na ndipo wakazidi kumcheka.

Kisha watu wakapisha. Birahim alikuwa anakuja mbele, taratibu, na kicheko kikakatika. Akavua kofia, akamtazama Ndumbe.

"Ni kweli," akasema. "Wali hakuniachia hata punje. Heshima yangu ameniachia yote."

Hakuna aliyezomea tena. Ndumbe alifuta macho kwa mkono wa kanzu mpya niliyomshonea, akachukua kipaza sauti. "Haya," akasema, "sasa ya maji."

Umeya aliupata. Na siku ile mimi, Ndiaye wa kuzaliwa, nilijivunia Diop mpaka kifua kikauma. Lakini hilo usimwambie.