Mkono Kwenye Fremu ya 1183

Mashine iligoma kuitoa video mara ya tano Jumatano asubuhi, na iligoma palepale ilipogomea mara nne za kwanza: fremu ya 1183, picha moja kati ya elfu mbili na ushei, asilimia hamsini na mbili. Kikalia kikengele, kikatokea kisanduku chekundu cha kusema imeshindwa kuendelea, basi. Nikapiga meza. Msusi wa saluni ya jirani, aliyeingia "dakika mbili tu" tangu saa tatu, akasonya.

"Si nilikwambia? Kaka yako hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki kutolewa. Mtu amezikwa, kapumzika zake, we unamsimamisha mlangoni apokee wageni."

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kutazama nyuma.

Chumba changu cha kazi hakikosi watu. Kuna benchi, kuna feni, na nipo mimi, ambaye tangu utotoni naitwa Redio kwa sababu habari ikiingia kwangu haina pa kulala. Kaka ndiye aliyekuwa fundi wa video hasa. Mimi nilikuwa nashika kamera ya pili, napanga maandishi na kurekebisha rangi. Alipofariki, miezi minane sasa, nikarithi mashine, wateja, na ile kazi moja aliyoiacha katikati.

Ilikuwa kazi ya sekunde tisini. Kaka, akijua siku zake zimehesabika, alijirekodi humu ndani mbele ya kitambaa cha kijani, kavaa suti yake ya kijivu, kasimama wima, akimwambia binti yake maneno ya siku ya harusi. Kitambaa cha kijani unaiambia programu ikiondoe, mahali pake unaweka picha nyingine. Alitaka awekwe mlango wa ukumbi, ili binti akifika aone kwenye skrini kubwa baba yake amesimama mlangoni anamngoja. Harusi ilikuwa Jumamosi. Na binti, mtoto mpole asiyewahi kunijibu vibaya, alikuwa ameniambia ananitazama machoni: "Shangazi, Baba asipokuwepo mlangoni, mimi siingii."

"Jaribu tena," akasema Dada Mkubwa. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza wetu, na alikuwa amekaa karibu na dirisha na daftari la mipango ya ukumbi. "Na huyu nani kamwandika meza ya mbele? Nilisema mke wa marehemu akae nyuma. Binti nitamwingiza mimi."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu alijua kwa nini, maana niliwaambia mimi.

Siku chache kabla kaka hajafariki, alinituma nikapige picha mahafali ya chuo. Nilifika nusu ya njia nikakumbuka betri, nikarudi. Mlango wa humu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikasikia sauti ya wifi yangu, kali, kama ya mtu anayemkemea mtoto: "Simama! Nasema simama!" Mgonjwa yule, mifupa mitupu, anafokewa asimame. Sikugonga. Nilipita saluni moja kwa moja, na hadi jua linazama mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mke anamtesa mume mgonjwa. Baada ya mazishi wifi alivumilia yale macho wiki tatu, kisha akahamia chumba cha nyuma ya duka lake la cherehani. Hakubishana na mtu. Nasi tukasema, si mnaona? Angekuwa hana hatia angesema.

Nikarudi kwenye mashine. Nilifuta kumbukumbu ya muda, yale mabaki ya picha ambayo programu huyatunza. Ikagoma. Nikaizima kadi ya picha, ubongo wa kompyuta ufanye kazi peke yake, polepole. Ikagoma. Nikapunguza ukubwa wa video nusu, nikaondoa rangi, nikaondoa ukungu, moja baada ya jingine. Fremu ya 1183. Mwishowe nikaikata kazi vipande. Kuanzia mwanzo hadi fremu ya 1182 ikatoka safi. Kuanzia 1184 hadi mwisho ikatoka safi.

"Kumbe fremu moja tu?" akauliza msusi. "Si uiruke?"

"Niiruke vipi? Hapo anasema jina la mwanawe. Picha itashtuka kama mtu mwenye kwikwi."

"Aa, shtuko ndilo tusilolitaka," akasema, akasogeza benchi mbali na skrini.

Nilipokuwa nakagua kile kipande cha kwanza ndipo nikakiona kivuli. Kaka kwenye picha ni mwembamba, suti inampwaya kama imetundikwa. Lakini kivuli chake sakafuni kilikuwa kipana. Nikasogea. Nikahesabu kimyakimya. Kivuli kilikuwa na miguu minne.

Sikusema kitu. Kwangu mimi, kunyamaza huko peke yake kungetosha watu kujua mambo si mazuri.

Nikakumbuka tabia ya kaka. Video ya aina hii ni picha zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na yeye tabaka lolote analolionea haya, la kiraka au la kuficha kosa, alikuwa analificha lisionekane hata kwenye orodha, analipa jina la nukta moja. Nilimcheka miaka yote kwa hilo. Nikabonyeza kitufe cha kufichua. Juu kabisa ya orodha ikatokea nukta.

Nikaizima ile nukta, nikaamuru kompyuta isage upya, yaani iunganishe tabaka zote kuwa video moja. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu.

"Imepita!" Dada Mkubwa akaweka daftari chini. "Tuonyeshe."

Nikaonyesha. Kaka akasimama mlangoni pa ukumbi, akatabasamu, akaanza kusema. Kuna aliyevuta kamasi. Ikafika sekunde ya arobaini na saba. Akafumbua kinywa kutaja jina la mwanawe, na mkono ukatokea begani kwake.

Mkono bila mtu. Hauna bega wala kiwiko, umeanzia hewani tu, vidole vitano vimekamata suti kwa nguvu hadi kitambaa kikakunjamana. Ukakaa hivyo sekunde moja na nusu, ukayeyuka.

Msusi ndiye aliyetoka wa kwanza, kiatu kimoja kikabaki. Benchi likaanguka. Dada Mkubwa, anayejisifu kwamba haogopi kitu, alisimama mlangoni akashika fremu ya mlango na kuniambia bila kugeuka: "Izime hiyo. Izime na uchomoe waya."

Sikuichomoa. Tulibaki peke yetu, mimi na mkono, feni ikizunguka. Nikausimamisha, nikaukuza. Kwenye kitako cha dole gumba kulikuwa na alama ya kuungua, imepinda kama ukucha. Alama ya pasi. Mkono huo umenipimia magauni, umenisuka, umenipakulia chakula miaka kumi na tisa.

Nikafungua rekodi ghafi, ile ya kabla kijani hakijaondolewa. Nyuma ya kaka palikuwa na mtu aliyejifunika kijani kuanzia utosini hadi vidoleni, nguo iliyoshonwa kama gunia lenye mikono, kitambaa kilekile cha ukutani. Alikuwa amempitishia kaka mikono chini ya kwapa, amembeba. Nikaongeza sauti.

"Simama! Nasema simama!" Kisha chini, kwa sauti ambayo haipiti mlangoni: "Simama, baba watoto, nimekushika. Siwezi kukuacha uanguke. Sema jina lake tu, tumalize."

Na kaka, akihema: "Usimwambie mtu nimeshikwa. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Sekunde ya arobaini na saba magoti ya kaka yalikatika. Wifi akarusha mkono kumwahi begani, ile nguo ya kijani ikarudi nyuma hadi kwenye kifundo cha mkono, na kisicho kijani programu haikiondoi. Ndiyo hivyo tu.

Ile nukta ilikuwa kiraka. Picha thelathini na nane, kila moja kaka aliufuta mkono wa mkewe kwa kalamu ya kompyuta, fremu kwa fremu, akipaka suti juu ya vidole. Alikuwa na mtindo wake wa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Nikatazama tarehe. Fremu ya 1220 aliimaliza Jumatatu. Fremu ya 1184 aliimaliza Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Ya 1183, ya mwisho kwake, ilikuwa na jina lakini ndani haina kitu. Saa nane na dakika kumi na nne. Saa tisa Alhamisi hiyo ndipo wifi alipotoka humu akipiga kelele za msiba.

Asubuhi nzima mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inasimama pale alipoishia.

*

Wifi alikuwa anashona sare za shule. Hakuinua kichwa.

"Karibu, wifi. Leo Redio imetembea bila wasikilizaji?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi kuna msiba."

Nikamwekea simu yenye ile rekodi ghafi juu ya meza ya cherehani. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Nani mwingine ameona?"

"Wameona mkono, wakakimbia. Alama sijamwonyesha mtu."

"Ifute."

"Wifi, Dada Mkubwa akiiona hii, mwenyewe atakupisha kiti. Utamwingiza mwanao ukumbini."

"Nikae kwenye hicho kiti nimemvunjia neno lake? Alitaka mwanawe amwone amesimama. Hakutaka aonwe amebebwa." Akanirudishia simu kwa ncha za vidole. "Ifute, wifi."

"Kwa nini hukusema? Miezi minane nimekutembeza mtaani."

"Ningesema nini? Nilimwambia asimame kwa sababu alikuwa hawezi? Ndicho hasa alichokataa kisemwe." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na we ulisikia vizuri, usijitie wazimu. Nilisema simama. Ila hukugonga."

Akaanza tena kukanyaga cherehani. Nikaondoka kama mtu aliyetolewa.

*

Alhamisi chumba kilijaa kuliko kawaida. Habari ya mkono ilikuwa imeshafika mbali bila msaada wangu. Wengine walisema jini, wengine walisema marehemu ana deni la nadhiri. Nikawaacha na jini lao, maana jini halina jina la mtu. Dada Mkubwa alikuwa na daftari lake.

"Dada," nikasema, "mrudishe wifi mbele. Amwingize mwanawe."

"Baada ya aliyoyafanya?"

"Hakufanya. Ile habari ya 'simama' niliitunga."

Dada Mkubwa akaweka kalamu chini.

"Umeitunga?"

"Nilirudi kuchukua betri, nikakuta mlango umefungwa. Sikusikia neno. Nilikosa la kupeleka saluni, nikatia chumvi."

Dada Mkubwa alinitazama muda mrefu, mpaka nikataka kumwambia ukweli ili tu aondoe yale macho. "Miezi minane unatulisha uongo juu ya mke wa kaka yako? Tumemfukuza mtu nyumbani kwake kwa ajili ya mdomo wako?"

"Ndiyo, Dada."

"Ee Mungu wangu, na mimi nilivyoifikisha mpaka sokoni!" msusi akajishika kichwa. "Redio gani hii inayotangaza vitu havipo?"

Dada Mkubwa akachukua kalamu, akafuta mstari kwenye daftari, akaandika mwingine. Akatoka bila kuniaga. Waliobaki wakakumbuka kila mmoja alichokuwa ameacha jikoni. Katika muda wa kunywa chai benchi likawa tupu. Sikumbuki kama nimewahi kuliona lile benchi rangi yake.

Nikafungua fremu ya 1183. Nikashika kalamu ya kaka, ile aliyoizungushia uzi mahali pa kushikia, uzi wa duka la wifi. Nikaanza na kidole kidogo. Nikapaka suti juu yake, mkunjo kwa mkunjo. Mara mbili nilisikia kiti cha kaka pembeni kikilia, kama mtu amehamisha uzito ili aone vizuri zaidi. Sikugeuka. Kila mtu angekimbilia kugeuka. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kutochukua habari nusu. Dole gumba ndilo nililolifuta mwisho. Alama ya pasi ikapotea. Nikahifadhi. Nikaiwasha ile nukta, nikaamuru mashine isage.

Hamsini na mbili. Ikakaa. Ikakaa. Hamsini na tatu.

Kivuli sakafuni sikukigusa. Kaka hakukifuta, na mwenye kazi ni yeye.

*

Jumamosi nilikaa nyuma, karibu na spika, kwenye kiti kilichokuwa kimepangiwa wifi. Kulia kwangu na kushoto kwangu viti vilikuwa vitupu. Msusi alipita na sahani, akaniashiria kwa kidevu, akaendelea. Vikundi vilivyokuwa vinaongea, kila vikiniona vilianza kusifia mapambo.

Taa zikapunguzwa. Mlango ukafunguliwa. Binti alikuwa amesimama pale mkononi mwa mama yake, na kwenye skrini kubwa baba yake alikuwa amesimama wima, suti ya kijivu, anamngoja. Watu wakanyoosha shingo kuutafuta mkono. Sekunde ya arobaini. Arobaini na tano. Arobaini na saba, akafumbua kinywa, akataja jina la mwanawe, na hakukuwa na kitu begani kwake zaidi ya suti. Ukumbi ukashusha pumzi.

Lakini alikuwa ameegemea. Kama unajua pa kutazama, unamwona ameegemea hewa, kwa imani kabisa, kama mtu anayejua haitamwangusha.

Binti alikuwa anatazama chini, miguuni pa baba yake, kwenye kile kivuli kipana chenye miguu minne. Akakitazama kwa muda. Kisha akageuka taratibu kumtazama mama yake.

Wifi hakumwona. Macho yake yalikuwa juu, kwenye skrini, na mkono wake wa kulia, wenye alama, ulikuwa umeinuka usawa wa bega, vidole vitano vimekamata hewa kwa nguvu.